Mrejesho: ubao wa jibini kwa wageni wanane

Jamani, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nipange vipi ubao wa jibini kwa wageni wanane, nyumbani Dar es Salaam, na joto hili. Mkanishauri nisirundike aina nyingi: tatu zinatosha, gramu 60 hivi kwa mtu. Nikanunua nusu kilo kwa jumla: cheddar, gouda na brie.

Joto ndilo lililonipa kazi. Kwenye nchi za baridi jibini hutolewa kwenye friji kama saa nzima kabla ya kuliwa, ladha ipate kutoka. Mimi cheddar na gouda nilizitoa nusu saa kabla, brie dakika 15 tu, na ilikuwa imelainika vizuri kabisa.

Aliyenikumbusha kusoma lebo, Mungu ambariki. Wageni watatu ni Waislamu, nami sikujua kwamba kimeng'enya cha kugandishia maziwa mara nyingine hutoka kwenye tumbo la ndama. Nilizunguka maduka mawili hadi nikapata zilizoandikwa kuwa zinawafaa wasiokula nyama.

Pembeni niliweka tende, korosho, asali na embe bivu. Embe na cheddar, jaribuni! Zabibu za bei kali zilibaki karibu zote.

Mama mkwe aliiogopa ngozi nyeupe ya brie. Nikamwambia, "Mama, hii inalika, ni nta ya gouda ndiyo tunayoimenya." Akaonja, akaongeza mara mbili. Asanteni sana.