Fahali aliyekufa ghafla na kidonda cheusi kisichouma: je, ni kimeta?

Mfugaji wa Isingiro

Ndugu zangu, naomba ushauri wa haraka. Fahali wetu aliyekuwa akila vizuri jioni alikutwa asubuhi amekufa, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na kwenye njia ya haja kubwa. Kabla sijafika, vijana walikuwa wamekwisha kumchuna na kugawa nyama kwa majirani. Sasa shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeshika kisu, ana kidonda mkononi: kilianza kama kipele cha kuwasha, kikawa lengelenge, na leo katikati pamekuwa peusi tititi, huku mkono umevimba hadi kiwikoni. Ajabu ni kwamba hasikii maumivu, na ndiyo maana wazee wanasema amerogwa. Je, hiki si kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu? Na sisi tuliokula nyama hiyo ikiwa imepikwa tufanye nini?

Daktari wa mifugo, Mbarara

Pole sana, ndugu. Mpeleke shemeji yako hospitali leo hii, na umweleze daktari wa huko kwamba alichuna kibudu, kwa sababu bila maelezo hayo kidonda kinaweza kudhaniwa kuwa jipu la kawaida. Kwa dalili ulizozitaja, mimi ningechukulia kuwa ni kimeta mpaka maabara ikanushe.

Ni lazima nieleze kwa nini tunakataza kupasua mnyama wa namna hii, maana katazo lisilo na sababu halimzuii mtu mwenye njaa. Mzoga usipopasuliwa, bakteria wengi wa kimeta waliomo ndani hufa katika siku chache kadiri unavyooza. Lakini kisu kikipita na damu ikakutana na hewa, bakteria hao hugeuka kuwa mbegu sugu, yaani spora, ambazo hukaa ardhini kwa miongo kadhaa zikisubiri ng'ombe mwingine. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokuwa fupi, mifugo hula karibu sana na udongo na kuzimeza. Hata wanyamapori hawasalimiki: mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko takriban 300 katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth hapa Uganda, na mwaka 2023 watu wa Kyotera waliugua baada ya kushika na kula nyama ya ng'ombe waliokufa.

Kwa hiyo, pale fahali alipochuniwa ndipo penye hatari kubwa kwako sasa. Pazungushie uzio, mifugo isipite. Ngozi, mifupa na nyama iliyobaki visiuzwe wala kutupiwa mbwa. Mwite afisa mifugo wa gombolola (kata) asimamie uteketezaji kwa moto. Najua thamani ya fahali mmoja katika nyumba ya mfugaji, na siwalaumu waliotaka kuokoa walau nyama.

Muuguzi, Masaka

Nakubaliana na daktari, nami niongeze upande wa wagonjwa. Kutouma kwa kidonda ndiko kunakowachelewesha watu nyumbani, ilhali kimeta cha ngozi kisipotibiwa kinaweza kuua hadi watu 20 katika kila wagonjwa 100. Kikitibiwa mapema kwa antibaiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini, vifo huwa nadra sana. Kidonda kisikamuliwe wala kupasuliwa. Gamba jeusi litaendelea kuonekana hata baada ya dawa kuwashinda bakteria; mgonjwa asiache dozi kwa kudhani haifanyi kazi, wala asiende kwa mganga wa kienyeji kwa sababu hiyo.

Kuhusu nyama, kupika hakuleti uhakika, kwani spora huhimili joto kali. Wote walioila au kuishika waandikishwe kituo cha afya hata kama hawajaugua. Homa, kutapika, maumivu makali ya tumbo, kuhara damu au kuvimba koo ni dalili za kukimbizwa hospitali mara moja. Msimtenge mgonjwa: kimeta huambukiza kutoka mtu hadi mtu kwa nadra mno. Vidonda vyake vifunikwe tu, na anayevisafisha avae glavu.

Mfugaji wa Isingiro

Ahsanteni sana. Shemeji amelazwa na ameanza dawa. Jirani ananishauri nimwage chokaa pale fahali alipochuniwa, kisha niwadunge ng'ombe wote antibaiotiki na chanjo siku moja. Je, ni sawa?

Daktari wa mifugo, Mbarara

Yote mawili hapana. Chokaa ilizoeleka zamani, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 hauipendekezi, kwa kuwa kalsiamu inaweza kuzisaidia spora kudumu. Nayo chanjo ya mifugo ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo antibaiotiki ikitolewa pamoja nayo huwaua na chanjo haifanyi kazi. Ng'ombe mwenye homa atibiwe kwanza na achanjwe baadaye. Walio wazima wachanjwe sasa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Hadi afisa mifugo atakaporuhusu, usipeleke hata ndama mmoja mnadani.