MREJESHO: Darasa la tagliatelle nyumbani kwa mwenyeji, Bologna

Wakuu, niliuliza kwa nini donge la tagliatelle (tambi bapa za mayai za Kiitaliano) hupasuka kingoni wakati wa kusukuma, na kama darasa la nyumbani kwa mwenyeji kule Bologna, Italia, lina faida. Lina faida, ila chagua lile ambalo kila mtu ana kibao na mti wake wa kusukumia. Kwa kutazama tu mkono haujifunzi.

Kipimo ni gramu 100 za unga laini wa ngano (wenyewe huuita 00) kwa yai moja. Maji hakuna, mafuta hakuna. Mayai hayalingani ukubwa, kwa hiyo bakiza unga kidogo pembeni. Kanda dakika 10 hadi 15, funika vizuri, acha dakika 30. Jibu la swali langu liko hapa: donge lisilopumzika hurudi nyuma kama mpira, na lililoachwa wazi hufanya gamba, ndilo linalopasuka.

Sukuma kutoka katikati kwenda nje, zungusha robo, rudia. Ni tofauti na chapati: unatafuta wembamba wa kuona kivuli cha mkono upande wa pili. Kibao kiwe cha mbao, maana huacha uso wenye mikwaruzo inayoshika mchuzi.

Anika kidogo kabla ya kukunja. Mbichi mno hugandana, kavu mno huvunjika. Kata vipande vya upana wa milimita 6 au 7. Zile milimita 8 zilizosajiliwa Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1972 kama upana rasmi wa tagliatelle ni baada ya kuiva. Maji yanayochemka, chumvi, dakika 2 au 3, kisha moja kwa moja kwenye ragù (mchuzi mzito wa nyama).