Ziwa nililolipaka linageuka kijivu taa zikiwashwa: nirekebishe wapi?

Mwanafunzi_Kigoma
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za maonyesho, na kwa sasa niko Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika kikundi kimoja cha maigizo. Nimekabidhiwa kupaka mandhari ya tamthilia inayoanza asubuhi katika kijiji cha wavuvi: upande mmoja kuna ukuta wa nyumba ya udongo, ambao ni plaiwudi, na nyuma kuna pazia la amerikani la mita sita kwa tatu linaloonyesha Ziwa Tanganyika, milima ya Kongo kwa mbali na jua likichomoza majini.

Mchana kazi ilinipendeza. Jana jioni tulipowasha taa za jukwaani, ambazo zote ni za manjano, ziwa lilifanana na maji yaliyofuliwa nguo, ukuta niliokuwa nimeupaka rangi ya mafuta ukameremeta kama sinia, na mikunjo ya pazia ikaonekana hadi viti vya nyuma. Msimamizi wangu kutoka chuoni anafika Alhamisi, nami nimebakiwa na siku tano na kopo moja la lita nne la rangi nyeupe ya maji. Nianze upya, au kuna namna ya kuiokoa?

FundiJukwaa_Tabora
Pole na kazi, mdogo wangu. Usianze upya. Taa ya manjano hutoa mwanga mdogo sana wa buluu, kwa hiyo rangi ya buluu inayomulikwa nayo haina cha kurudisha machoni mwa mtazamaji, hata ungeipaka mara kumi. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuharibu anga zima kwa kosa hilihili, kwa sababu nilichanganya rangi zangu chini ya mwembe.

Omba taa mbili nyeupe za LED zielekezwe kwenye pazia peke yake, na zile za manjano ziachiwe waigizaji, ambao nao wasisimame karibu na pazia kuliko mita moja na nusu, la sivyo vivuli vyao vitatembea juu ya ziwa. Kabla ya kugusa pazia, paka vipande vya amerikani vyenye ukubwa wa kanga iliyokunjwa mara nne, kila kimoja na mchanganyiko wake, uviache vikauke kabisa kwa kuwa rangi ya maji hubadilika ikikauka, kisha uvitazame taa zikiwa zimewashwa, ukiwa umekaa kiti cha mwisho.

Ukuta ukwangue kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Halafu changanya unga wa mbao, gundi nyeupe ya maseremala na hiyo rangi ya maji, utie na udongo mwekundu uliochekechwa, ambao Kigoma hununui. Ubandike kwa kiganja, si kwa brashi. Taa ya pembeni ikipiga juu ya ule ukwaru, utapata ukuta wa udongo bila kuchora hata ufa mmoja.

Mikunjo ni jambo dogo, mradi pazia lilipakwa rangi ya maji: lipigilie vizuri kwenye fremu, nyunyizia maji safi kwa nyuma, na pamba ikikauka itajivuta yenyewe. Fremu ikiwa dhaifu itapinda, kwa hiyo iongezee mbao ya katikati kwanza.

BintiUjiji
Mwanangu, mafundi wamekwisha kukuelekeza, lakini mimi nimekwama kwenye hilo jua. Kigoma jua linazama ziwani. Linachomoza nyuma yetu, upande wa nchi kavu, na hakuna mtoto wa hapa asiyelijua hilo. Ukiinua pazia lako watu watadhani igizo linaanza magharibi, na mwigizaji akisema "umeamkaje" wataangua kicheko.

Liondoe jua. Asubuhi, milima ya Kongo ndiyo inayopata mwanga kwanza, huku ufuo wetu ukiwa bado kwenye kivuli. Kwa hiyo vilele vyake vipe weupe wenye uwaridi kidogo, maji ya karibu yawe ya giza, na mitumbwi ya dagaa iwe inarudi, taa zake zikiwa zimezimwa. Tena milima usiichore kwa mstari mkali, maana wakati wa kiangazi vumbi na moshi huifanya ionekane kama kivuli tu. Hilo kopo lako jeupe linatosha kabisa kwa ukungu huo.

Mwanafunzi_Kigoma
Ahsanteni sana, na mama nimecheka peke yangu ukumbini. Nimejaribu vipande vinne leo jioni, na kile nilichodhani ni kibichi mno, chenye kijani ndani ya buluu, ndicho pekee kilichoonekana kuwa maji nilipokaa kiti cha mwisho. Taa nyeupe nimepata moja, ya kuazima. FundiJukwaa, ikiwa ni moja tu, niiweke chini mbele ya pazia au juu?

FundiJukwaa_Tabora
Chini, katikati, ifiche nyuma ya mtumbwi au kapu. Mwanga ukipungua kuelekea juu, anga litakuwa na alfajiri yake. Na vile vipande vinne usivitupe: vibandike kwenye daftari lako la kazi za kila siku, kila kimoja na vipimo vyake, msimamizi avione.