Mafundi, acheni kubadilisha shokapu kwa kelele ambayo hamjaitafuta

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitaupamba.

Gari linaingia gereji kwa kelele ndogo tu. Kuna kitu kinagonga kakakaka likipita kwenye barabara yenye makunyanzi. Dakika tano hazijaisha, fundi ameshatoa hukumu: shokapu zimekufa. Hajaliinua, hajaingia ndani akaendeshwa, hajauliza kama kelele inakuja asubuhi gari likiwa baridi au likishapata moto. Shokapu mbili zinanunuliwa, zinafungwa, gari linatoka, na kwenye kunyanzi la kwanza ni kakakaka ile ile. Linarudi. Sasa ni stabilaiza linki, kile kijiti kinachounganisha mguu wa gurudumu na stabilaiza, fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Linarudi tena. Sasa ni bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya vyuma vya chini. Mwenye gari ameshanunua nusu ya mguu wa mbele, yaani vyuma na springi zinazoshika gurudumu, kumbe kinachogonga ni ulimi wa mkanda wa kiti cha abiria, unaning'inia bila mtu na kupiga plastiki ya nguzo ya mlango.

Hasira yangu iko hapo. Kuitafuta kelele ni kazi kamili, ina hatua zake na inakula muda, lakini gereji nyingi haziihesabu kama kazi. Fundi halipwi kwa kutafuta, analipwa kwa kufunga, basi anafunga. Na wenye magari nao wanachangia: mtu yuko tayari kulipia shokapu mbili bila kupepesa macho, ukimwambia alipie saa moja ya kutafuta anaona anaibiwa.

Jambo la kwanza ni kujua kelele inamfuata nani: resi, mwendo, au barabara. Gari lisimame, gia iwe nyutro, breki ya mkono juu. Panda resi taratibu mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika. Ikilia kwenye 1,800 na kunyamaza ukifika 2,200, basi shokapu haihusiki hata chembe, maana gari halijatembea hata hatua moja. Injini ya silinda nne huwasha mafuta mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo kwenye 1,800 ni mapigo 60 kila sekunde. Bati au plastiki iliyolegea ina mtikisiko wake inaoupenda. Mapigo ya injini yakilingana nao inalia, yakipita inanyamaza. Tafuta kwenye ekzosi, mabati yake, mabano ya mabomba, kava za injini, betri isiyobanwa, na ndani kwenye dashibodi.

Kama resi haiigusi, nenda kwenye barabara tupu, fika kilomita 50 kwa saa, weka nyutro uache gari lijiendee. Kelele ikipungua kasi pamoja na gari, iko kwenye kinachozunguka: jiwe lililonasa kwenye meno ya tairi, kofia ya rimu, bati la vumbi nyuma ya diski ya breki lililopinda na kugusa. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 1.9, hivyo kwenye kilomita 20 kwa saa linazunguka takriban mara tatu kwa sekunde. Unaweza kuhesabu kwa sikio. Ukisikia tik tatu kila sekunde kwenye mwendo huo, acha kufungua dashibodi ya watu, kagua matairi.

Ikiwa inalia kwenye makunyanzi tu, pita hapo tena huku mguu umegusa breki kidogo sana. Ikinyamaza, umeshafika: ni pedi au kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Pedi hukaa kwenye vijibati vyembamba vya springi vinavyozibana zisicheze ndani ya mabano. Fundi anabadilisha pedi, anaona vijibati vimechakaa au vinamsumbua kuingia, anavitupa. "Havina kazi." Vina kazi moja tu, na ndiyo hiyo unayoisikia sasa kila gari likipita kwenye changarawe. Pini za kalipa nazo zinapakwa grisi yoyote iliyopo mezani. Pini hizo zina mipira, na grisi ya kawaida ya petroli inaivimbisha mipira mpaka pini inakwama. Inatakiwa grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki.

Sasa stabilaiza linki, maana hii ndiyo inayonunuliwa bure kuliko zote, na ajabu ni kwamba hata ikiwa mbovu kweli haigunduliki kwa jinsi inavyokaguliwa. Fundi anapiga jeki upande mmoja, gurudumu linaning'inia, anaitikisa linki kwa mkono, anasema nzima. Lazima ionekane nzima! Gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, stabilaiza imejikunja kama springi na inaivuta linki kwa nguvu. Pleyi yote, yaani kule kucheza kwa jointi, imefichwa. Linki inakaguliwa magurudumu yote mawili yakiwa kimo kimoja, gari likiwa limekalia matairi yake, kwenye rampu au juu ya shimo. Shika linki karibu na jointi, sukuma na vuta. Jointi iliyokufa inatoa tok ndogo kwenye kiganja kabla hujaisikia kwa sikio. Mwenzako akitikisa gari kwa juu huku mkono wako uko kwenye jointi, hakuna ubishi tena.

Na mkishabadilisha bushi, msikaze bolti zake gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Bushi nyingi za kontroo amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwenye bodi, zina mpira ulioshikana na bomba la chuma la ndani, na hilo bomba ndilo linalobanwa na bolti. Ukikaza bolti wakati mguu umeshuka, gari likishuka chini mpira unabaki umesokotwa muda wote. Unachanika mapema, kelele inarudi, halafu lawama anabebeshwa muuza spea. Ingiza bolti, shusha gari likalie matairi, ndipo ukaze.

Tukiingia ndani ya gari, kitu cha kwanza ni kulimaliza vitu. Sio kupunguza, kumaliza. Mifuko ya milango, droo ya dashibodi, chini ya viti, kisanduku cha miwani, buti lote pamoja na jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba. Funga mikanda yote hata kama viti ni vitupu. Endesha. Ikinyamaza, rudisha kimoja kimoja. Nusu ya "magari mabovu" yangeishia hapa kama watu wangekuwa na subira ya dakika ishirini.

Ikiendelea, dereva asitafute. Dereva aendeshe, mtu wa pili ahame: mbele, nyuma, katikati, sikio karibu na plastiki, kiganja kikibana kila kipande kwa zamu. Msiamini sikio mkiwa mmekaa sehemu moja. Sauti hupita kwenye chuma kwa kasi ya kama kilomita 5 kwa sekunde, wakati hewani ni mita 340 hivi, na kioo cha mbele kinairudisha kama ukuta. Kitu kinagonga chini ya wipa, wewe unaapa kiko nyuma ya redio. Ndiyo maana kufumua dashibodi kabla ya kubana kila kipande kwa mkono ni uharibifu, hata kama umefanywa kwa nia njema.

Njia nzuri kuliko bisibisi ni tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Bandika kwenye kila mstari ambapo vipande viwili vya dashibodi vinakutana, na kwenye viungo vya plastiki za nguzo. Endesha barabara ile ile, mwendo ule ule. Ikinyamaza, bandua kipande kimoja, rudi barabarani. Ikirudi kulia, umeipata mahali penyewe bila kuvunja klipu hata moja. Hapo weka kitambaa cha kujibandika au sponji nyembamba ya milimita 2 au 3 kati ya vipande hivyo.

Mlango una jaribio lake. Teremsha kioo nusu, upige mlango kofi kwa nje. Kikitetemeka hapo, lakini kikipandishwa chote hakitetemeki, ni reli na mpira wa kioo. Sauti isipobadilika, ni vyuma vya loki au waya ndani ya mlango ambao umeachwa bila kubanwa. Feni ya hewa ni rahisi zaidi: izime. Ikinyamaza, kuna jani au kijiti kwenye feni.

Viti vya nyuma vinavyolala viangalieni kwa karibu, maana hapa kelele inafanana kabisa na shokapu ya nyuma. Vuta mgongo wa kiti mbele utaona ndoano ya chuma kwenye bodi, yenye umbo la U, ambayo loki ya kiti inaing'ata. Ikiwa loki imelegea utaona kwenye chuma hicho sehemu iliyong'aa, rangi imeliwa, upana wa kama ukucha. Hapo ndipo chuma kinapiga chuma. Mzunguko mmoja au miwili ya tepu ya kitambaa unatosha. Hakikisha tu loki inaingia mpaka mwisho, kwa sababu mgongo wa kiti usiojifunga ni hatari.

Na kuna kelele zilizotengenezwa na mafundi wenyewe. Gari halikuwa linalia, likabadilishwa kioo cha mbele, au likafungwa redio mpya, au likanyooshwa baada ya ajali, siku ya pili linalia. Jamani, sababu inajulikana! Plastiki ilichokolewa kwa bisibisi, klipu nne zikavunjika kati ya saba, na kipande kikarudishwa kwa zile tatu. Waya wa redio mpya umesukumwa nyuma na soketi yake inagonga mabano ya chuma. Klipu ni kitu kidogo, na kibanio cha plastiki cha kufungulia si chombo cha anasa. Aliyevunja azirudishe. Jingine la hatari zaidi: kwenye plastiki za nguzo na kando ya paa kuna mifuko ya hewa ya pazia katika magari mengi. Kabla ya kufungua hapo, toa waya wa hasi wa betri na usubiri muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari. Usijaze sponji kwenye njia ya mfuko huo kwa ajili ya kunyamazisha kelele. Mfuko ukizuiwa, utafunguka vibaya siku unayouhitaji.

Chini ya gari, mtuhumiwa mkubwa ni bati la kuzuia joto la ekzosi. Lina unene mdogo sana, linashikwa na bolti ndogo, na kutu huanza kula kuzunguka tundu la bolti. Bolti inabaki imekaza, kichwa chake kizima, fundi anaigusa anasema iko sawa. Lakini tundu la bati limeshakuwa kubwa kuliko kichwa cha bolti, na bati linaelea huru, zzzzz kila gari likisimama na gia imeingia. Ekzosi ikiwa imepoa kabisa, ligonge kwa ngumi. Dawa ni washa pana (kile kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha bolti, au klampu ya chuma kisichoshika kutu izungushwe juu ya bati na bomba. Mnaoling'oa na kulitupa mnafanya kosa: bati hilo linakinga sakafu, mabomba ya mafuta na nyaya, pamoja na majani makavu chini ya gari lililoegeshwa.

Ukilipita bati, gonga masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) kwa nyundo ya mpira, bado ekzosi ikiwa baridi. Yakilia kama kopo lenye kokoto, yamevunjika ndani. Hapo usibadilishe masega tu ukaondoka, maana mara nyingi kilichoyaua ni silinda isiyochoma vizuri na kupeleka mafuta mabichi kwenye ekzosi. Usipoitibu hiyo, mapya yanafuata.

Halafu wale wa "ongeza sauti ya redio utaizoea", ushauri huo utaua mtu. Kuna kelele ambazo huendi nazo nyumbani. Kugonga kunakoongezeka taratibu baada ya tairi kufunguliwa: simama, kagua nati za gurudumu sasa hivi, kisha zikazwe kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usukani unaogonga mkononi: tairodi na boljointi, viungo vinavyogeuza na kushika gurudumu, zikaguliwe kabla ya safari. Mchakacho wa cheni injini ikiwashwa baridi, hasa unaozidi kurefuka siku hadi siku: pima oili kwanza, kisha cheni na kikaza cheni. Mlio wa kama kokoto injini ikivuta mzigo mlimani ni mafuta kujilipukia ndani ya silinda, na pistoni hazivumilii hilo muda mrefu.

Kwa hiyo mnaoleta gari gereji, msiseme "linalia". Semeni: linalia likiwa baridi au moto, kwenye resi gani, mwendo gani, barabara ya aina gani, ukikata kushoto au kulia, ukigusa breki inabadilika au la. Mpeleke fundi barabarani akaisikie mwenyewe. Kabla hujatoa pesa ya spea, mwambie akuonyeshe kwa mkono wake kitu kinachocheza, nawe ukiguse. Na kile cha zamani kikitolewa, kirudishwe kwako, ukitikise.

Mafundi mliomo humu, mkitaka kunipinga nipingeni kwa kipimo. Nani hapa anayaweka magurudumu yote mawili kimo kimoja kabla ya kuhukumu linki?