Narudia Biolojia ya kidato cha nne: nikifika ekolojia, jenetiki imeshanitoka. Nianzie wapi?

Binti wa Dukani

Habari za usiku wakuu. Nina miaka 27, nauza kwenye duka la dawa. Nilipomaliza kidato cha nne Biolojia nilipata F, na bila D siendi uuguzi, kitu nilichokitaka tangu utotoni. Nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na zimebaki wiki tisa. Nasoma nikishafunga duka, saa tatu usiku hadi saa sita.

Mada moja moja naielewa. Nikimaliza jenetiki najiona niko vizuri, nahamia mageuko, naingia ekolojia, nikirudi nyuma nakuta pamefutika. Mitosisi na meiosisi, zile njia mbili za seli kugawanyika, nazichanganya kila siku. Jana nimekuta swali: baba na mama wote ni AS (kila mmoja ana jeni moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S), wana watoto watatu wazima, je, wa nne atakuwa na selimundu? Nikajibu ndiyo, maana uwiano ni 3 kwa 1. Nimekosa, na sijaelewa kwa nini. Naombeni ushauri.

Kifaru Mweusi

Dada, anza na ekolojia, ni maksi za bure. Wazalishaji, walaji, waozeshaji, umemaliza. Jenetiki iache mwishoni.

Mama Pacha

Mdogo wangu, hilo swali nimeliishi. Mwanangu wa kwanza ni SS, yaani ana selimundu. Ndugu wakanihesabia vidole: umeshatoa mmoja, watatu wanaokuja ni salama. Wa pili naye akazaliwa SS. Kliniki ndipo nilipoelezwa kwamba kila mimba inaanza hesabu upya, haijui aliyetangulia ni nani. Lielewe vizuri, maana ukiwa muuguzi kuna mama atakuja kukuuliza.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana Mama Pacha, na asante. Hapo umefundisha kuliko mimi.

Binti, chukua sarafu mbili za shilingi 100. Upande wa kichwa uite A, wa pili uite S. Moja ni baba, nyingine ni mama. Zirushe pamoja mara 40 na uandike kila jibu. Ukishaona SS mbili zikifuatana kwa macho yako, hutakosa tena. Mendel mwenyewe, mwanzilishi wa jenetiki, katika kazi aliyoichapisha 1866, alihesabu njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Uwiano unajitokeza kwenye wingi, haukuahidi chochote kuhusu punje inayofuata.

Sasa kuhusu kusahau. Unasahau kwa sababu unasoma vipande. Kifaru, samahani, ekolojia si orodha ya majina. Shika selimundu hiyohiyo uivute toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye DNA herufi moja imebadilika, A (si ile A ya sarafu) ikawa T. Kwa hiyo asidi amino moja ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ikabadilika, na seli nyekundu ikikosa oksijeni inajikunja kama mundu. Hapo umeshasoma DNA, protini na seli. Meiosisi ndiyo inayotenganisha A na S, ili yai au mbegu ibebe moja tu: kromosomu 46 zinakuwa 23. Mitosisi ni ile inayoziba kidonda chako, 46 zinabaki 46. Kisha jiulize, jeni inayoua watoto imebakije? Kwa sababu mwenye AS hapati malaria kali kirahisi kama mwenye AA. Penye malaria nyingi AS anaishi na kuzaa, S inaendelea. Huo ndio uteuzi wa asili. Na malaria inaletwa na mbu, mbu anataka maji yaliyotuama, joto na damu. Umeshaingia ekolojia bila kubadilisha daftari.

Kila usiku, kabla ya kufungua kitabu, andika mnyororo huo kwa kichwa kwenye karatasi tupu. Pale kalamu inapokwama ndipo pa kusoma usiku huo.

Swali la kujipima: ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, nyumbu wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa nini baadaye miti nayo iliongezeka?

Kifaru Mweusi

Mwalimu nimekubali. Mimi mwenyewe nilikuwa nakariri tu.

Binti wa Dukani

Shikamoo mwalimu. Sarafu nimezirushia juu ya kaunta baada ya kufunga. SS zimetoka 12 kati ya 40, na kuna mahali zimefuatana tatu. Tatu! Mama Pacha, nilikufikiria wewe pale, nikaacha kurusha kwanza.

Jibu la Serengeti: sotoka ilitoka kwa ng'ombe kwenda kwa nyumbu, chanjo ikaukata ugonjwa, ndama wa nyumbu wakapona. Nyumbu wakiwa wengi wanakula nyasi nyingi, kwa hiyo miti ikapata nafasi.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Mwanzo umepatia wote. Umeruka hatua moja katikati: nyasi ndefu zikikauka ndizo zinazobeba moto wa kiangazi, na moto ndio uliokuwa unaua miche. Nyasi zikaliwa, moto ukapungua, miche ikafika umri wa kuwa miti. Mtahini anatoa maksi kwa kila hatua, usimwachie akukisie. Andika upya uuweke moto, kesho nijibu hili: sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria, furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, walipatwa na nini na kwa nini?