Naomba ushauri: somo la VR, maandishi, mshale au mkono wa kivuli?

Fundi_Mwanga: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, nafundisha vijana kutengeneza injini za boti. Kuna kijana anatutengenezea somo la kufungua kabureta ndani ya miwani ya VR, ile unayovaa ukaona vitu vya kuigizwa kana kwamba viko mbele yako. Maelekezo yawe maandishi yanayoelea mbele ya macho, mshale juu ya skrubu, au mkono wa kivuli unaotangulia na mwanafunzi anaufuatisha? Silali.

Mama Dagaa: Mwanangu, marehemu mume wangu alifungua injini gizani, katikati ya ziwa, mawimbi yanapiga. Miwani ya nini?

MwanaReli: Meli ya Liemba ya hapa ziwani ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaungwa hapa hapa. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Mafundi wale walivaa miwani gani?

Mjukuu wa Ujiji: Tumjibu mtu alichouliza. Miwani hiyo nimewahi kuivaa. Maandishi yanaziba kile kile unachotakiwa kukitazama. Mshale unakuonyesha skrubu ilipo, haukuonyeshi inavyozungushwa. Mkono wa kivuli unaonyesha mwendo wenyewe, ila ukiuacha mpaka mwisho kijana atafuata kivuli tu, siku kisipokuwepo anakwama. Uondoe kidogo kidogo. Vijana wako wanasoma vizuri?

Fundi_Mwanga: Wengine.

Mjukuu wa Ujiji: Wangapi?

Fundi_Mwanga: Karibu nusu wanasoma kwa shida. Lakini maandishi nimeshayalipia, mkuu. Ni rahisi kurekebisha, na kijana anajizoeza kusoma humo humo.

Mama Dagaa: Umelipa kwa pesa ya nani?

Fundi_Mwanga: Ya kikundi.

Kahawa Chungu: Hii chai. Miwani ya VR na kabureta, Kigoma? Weka picha.

MwanaReli: Hata mimi nilishtuka. Nusu hawasomi, halafu analipia maandishi?

Fundi_Mwanga: Sina sababu ya kuwadanganya. Miwani ni moja, wanapokezana. Jana kijana kakaa muda mrefu kwenye "legeza skrubu ya chini", mkono umening'inia hewani. Akavua, akaniambia, "Mwalimu, nionyeshe wewe." Wenzake walikuwa wanamtazama. Iliniuma.

Mjukuu wa Ujiji: Hiyo naiamini. Basi maneno uliyoyalipia yarekodiwe kwa sauti: sikio lipokee maneno, jicho libaki kwenye kabureta. Mkono wa kivuli uongezwe pale pa kuzungusha tu.

Fundi_Mwanga: Kesho nampigia. Kikundi tunakutana Jumamosi.

Mama Dagaa: Waambie kabla hujapiga.