Mwenye nyumba amepuliza inhela yangu ukutani, kisha akadai kodi ya miezi sita

Wanajukwaa wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini kwa ujumla, naandika nikiwa bado natetemeka, na naomba mtu asinitulize kabla sijamaliza.

Yule mzee mnamfahamu. Sitamtaja kwa sababu hakuna haja: ukishuka Mafiati ukauliza habari za mwenye nyumba anayevaa koti zito hata katika jua la Oktoba, na anayetembea na funguo nyingi kuliko askari magereza, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha njia. Jana jioni nilipokwenda kutazama chumba chake cha kupanga, mzee huyo alichukua inhela yangu, yaani kipulizio changu cha dawa ya pumu, niliyokuwa nimeiweka dirishani, akaipuliza ukutani. Narudia kwa faida ya waliochelewa kuingia: ukutani.

Nina pumu tangu utotoni, na vinavyoniamsha usiku navijua: ukungu wa ukutani, rangi mbichi ya mafuta, moshi wa mkaa na dawa za wadudu. Mtu wa Dodoma anaweza kuuliza ukungu huo unatoka wapi. Sisi tunaoishi chini ya mlima Loleza, tunaonyeshewa na mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha tunafunga madirisha kwa baridi ya Juni na Julai, hatuulizi. Ndiyo maana sikwenda kuomba kupunguziwa kodi. Kodi aliyoitaja niliikubali kama ilivyo. Nilichoomba ni mkataba usionifunga miguu, yaani nilipe mwezi kwa mwezi wakati wa mvua, ili ukuta ukianza kutoa jasho nitoe notisi ya mwezi mmoja na kuondoka bila kumwachia fedha za miezi ambayo sitalala humo, na mvua zikiisha kifua kikiwa salama nimlipe hata mwaka mzima kwa mkupuo. Niliomba pia nipewe taarifa kabla ya mtu kupaka rangi au kupuliza dawa ya mende. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko ambao hata mwalimu wangu wa darasa la tatu angeusifu.

Sasa tazameni chumba chenyewe. Nyuma ya mlango ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe juzijuzi, lakini mwisho wake ni usawa wa kiuno, kana kwamba fundi aliitwa akale. Niliibonyeza kwa kidole gumba, ikabanduka kama utando wa maziwa, na chini yake yakajitokeza madoa meusi yenye manyoya. Nikamwambia kwa upole, "Baba, huu ni ukungu, na ukungu unanibana kifua." Nilikuwa nimemwamkia shikamoo naye akaitikia, hivyo asije akasema nilimkosea adabu. Hapo ndipo alipoifuata inhela yangu dirishani, akaitikisa kwa ustadi wa muuguzi mkuu, akaielekeza kwenye doa na kupuliza mara mbili. Kisha akanigeukia na kusema, "Haya binti yangu, ukuta nao nimeutibu. Leta ya miezi sita."

Dalali, ambaye alikuwa anasubiri kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake ya kunifikisha kwenye aibu hiyo, alicheka hadi akachuchumaa.

Inhela ya salbutamoli huwa na dozi 200. Mbili kati ya zangu sasa ziko kwenye plasta ya mtu, na ukuta haujasema hata ahsante. Nadhani kwa sasa ukuta ule ndio unaopumua vizuri kuliko wakazi wote wa Mwanjelwa. Mnisaidie, ndugu zangu: ni katika nchi gani ukuta hutibiwa kabla ya mpangaji?

Mkazi wa Nzovwe: Pole sana, dada. Nimemtambua kuanzia kwenye koti. Mzee huyo ndiye aliyemwambia shemeji yangu kwamba paa halivuji, bali yeye ndiye ana tabia ya kulala akitazama juu.

Mpenda Sheria: Mleta mada, hasira zako ni za haki, lakini hujazitumia vizuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe kwamba inafaa kukaliwa na binadamu pale upangaji unapoanza. Vilevile, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba hali hiyo huzidisha pumu. Ungeingiza kwenye mkataba kifungu cha kurudishiwa kodi ya miezi usiyoitumia, kisha mkasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Jirani Mkorofi: Mkuu, mzee ametibu ukuta kwa inhela, wewe unamletea vifungu. Atavipaka rangi nyeupe hadi usawa wa kiuno. Nawe mleta mada, unataka chumba kisicho na unyevu, rangi mbichi, moshi wala dawa ya mende, ndani ya Mbeya, kwa kulipa mwezi kwa mwezi. Hicho si chumba, hiyo ni ahadi ya wakati wa kampeni.

Mpangaji wa Tukuyu: Ninyi wa mjini mnalia kwa ajili ya madoa ya nyuma ya mlango? Huku kwetu viatu vya kanisani huota ukungu kati ya Jumapili moja na nyingine. Hata hivyo, ndaga fijo, yaani asante sana, kwa kutuchekesha.

Mwenye Nyumba Mstaarabu: Naomba nasi tusikilizwe. Niliwahi kumkubalia mpangaji wa mwezi kwa mwezi aliyesema vumbi linamdhuru, nikamwekea sakafu ya vigae kwa fedha zangu, naye akahama usiku na kuniachia bili ya maji. Miezi sita si ukatili; ndiyo inayonunua saruji ya kuziba hizo nyufa mnazozilalamikia.

Mtumishi wa Iringa: Mzee wenu ana nafuu, kwa sababu alikuwepo. Huku Kihesa nililipa hela ya kuonyeshwa chumba, dalali wa pili akanitoza tena, akanipeleka kwenye chumba kile kile, na mwenye chumba akashangaa kusikia kwamba anahama.

Binti wa Uyole: Madalali ni mateso, ila mwizi wa kweli yuko kwenye mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Jengo ni lake, umeme nanunua mimi, na nikimdai anirudishie anauliza kama nina hatimiliki.

Mwenye Nyumba Mstaarabu: Mimi huwarudishia wapangaji wangu kila mwezi, na ushahidi ninao.

Jirani Mkorofi: Tuletee huo ushahidi, tuutibu kwa inhela.

Mleta mada: Jamani, tumeondoka ukutani tumefika kwenye mita. Mtu amepuliza dawa yangu ya kifua kwenye plasta na hakuomba hata radhi!

Mkazi wa Nzovwe: Tumekusikia, dada, tutarudi kwako. Kwanza huyu mstaarabu atujibu: katika nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja, ile 1,500 anamrudishia nani?